Kutoka Subukia Kwenda Kuomba Matuta

Niliondoka Subukia kwa sababu ya mguu wa mtoto. Wambui, binti wa jirani yangu Njoroge, aligongwa na gari la mizigo akivuka barabara mbele ya geti la shule yetu ya msingi. Ni mtoto wa darasa la tatu, mpole, wa kutembea akiwa anaongea peke yake. Gari lilikuwa linateremka mlima kwa ile kasi ambayo madereva wetu huiita ya kawaida. Mungu ni mwema, mtoto hakufa. Lakini mguu ulivunjika, akakaa nyumbani muhula mzima, wenzake wakimtembelea na kuandika majina yao kwenye plasta mpaka ikajaa.

Wazazi tukakutana shuleni. Mwenyekiti wetu ni mimi, Mama Metrine, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika kukikataa. Njoroge hakuketi. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Jumamosi tunaweka matuta barabarani sisi wenyewe," alisema. "Mawe iko, mchanga iko, mikono iko."

Wengi walimwitikia. Mimi nilipinga. Nilikuwa nimeona matuta ya kienyeji kule chini kuelekea sokoni. Mtu wa bodaboda aliyakuta jioni ya mvua bila kuyatarajia, na mkewe leo ni mjane. Niliwaambia tusimlinde mtoto mmoja kwa kumzika baba wa mwingine. Wanipe nafasi niende Nakuru niombe matuta ya sheria, yenye alama na rangi.

"Na ukirudi mikono mitupu?" Njoroge aliniuliza.

"Nikirudi hivyo, jiwe la kwanza nitalibeba mimi."

Nilisema hivyo kwa ujasiri kwa sababu nilikuwa na mwaliko kwenye simu. Nilikuwa nimeitwa kama mwakilishi wa jamii kwenye warsha ya siku mbili kuhusu utekelezaji wa mkakati wa usalama barabarani. Mkakati wenyewe, kama nilivyokuja kuelewa, ulikuwa umeshaandikwa, ukapitishwa, ukazinduliwa. Ulichobakiza ni kutekelezwa. Na kabla ya kutekelezwa ilibidi watu waitwe hotelini wajadili maana ya kutekeleza.

Asubuhi ya safari Njoroge alinipa lifti kwenye pikapu yake, akipeleka kabeji mjini. Tulipanda mlima ukungu ukiwa bado umelala bondeni nyuma yetu, na kabeji zikigongana kila tulipokata kona. Mkanda wa upande wangu ulikuwa umetumika kuufunga mlango usifunguke wenyewe. Wa upande wake ulikuwa mzima, ila haukuwa na pa kuchomekwa. Tulipokaribia Bahati, mahali ambapo askari wa trafiki hupenda kusimama, Njoroge aliuvuta, akaulaza kifuani vizuri kama skafu, akaubana kwa kiwiko. Tulipopita, akauachilia.

"Njoroge," nikamwambia, "si wewe ndiye unalilia usalama?"

"Mimi nalilia usalama wa mtoto," alisema. "Hatari yangu nimeizoea."

Kisha akaendelea kuendesha mpaka Nakuru. Aliponiteremsha aliniambia neno moja tu, bila kuniangalia. "Mama Metrine, hawa watu wakuskize."

Nakuru, kwenye geti la hoteli, mlinzi aliniuliza, "Gari iko wapi, mathe?"

Nikamwambia sina gari.

Alitazama nyuma yangu kana kwamba gari lingeweza kuwa limejificha. "Sasa utaingilia wapi?"

Ilikuwa kweli. Hoteli ile ilikuwa na geti la magari ya kuingia na geti la magari ya kutoka. La mtu mwenye miguu halikuwepo. Mlinzi, ambaye alikuwa kijana mwenye adabu, alisimamisha gari moja kubwa jeusi lililokuwa likiingia, akaniambia nipite mbele yake haraka. Kwa hiyo nilifika kwenye warsha ya usalama barabarani nikikimbia mbele ya gari, na aliyekuwa ndani ya gari hilo, nikaja kujua baadaye, alikuwa mheshimiwa mwenyekiti wa kamati yenyewe ya usalama barabarani.

Ukumbini niliketi karibu na mzee aliyevaa kanzu safi na koti, fimbo ameilaza juu ya mapaja. Aliitwa Mzee Swaleh, fundi cherehani mstaafu wa mtaa wa Bondeni, ambako babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na hakurudi tena. Nilimuuliza anawakilisha nani.

"Watembea kwa miguu," alisema. "Walitafuta mtu ambaye hana gari na ana nguo ya kupigia picha. Nikapatikana mimi." Aliinama kidogo. "Mkakati huu mimi nimeuzindua mara tatu, mama. Nina tisheti tatu. Moja mke wangu anapigia deki."

Mheshimiwa alifungua warsha. Ni mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na anapozungumza huweka mkono juu ya tumbo kama anayelituliza. Alisema kila uhai una thamani, akasema mji wetu utakuwa mfano, akaomba radhi kwamba ana shughuli nyingine, akaondoka. Nusu ya ukumbi ilimsindikiza hadi kwenye gari. Waliporudi, chai ilikuwa tayari.

Aliyebaki kutuongoza alikuwa Injinia. Jina lake silitaji kwa kuwa si mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, amechoka, amevaa kizibao cha manjano kinachong'aa humo humo ukumbini, na alituonyesha picha ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke Mzungu akivuka barabara kwenye mistari ya zebra pamoja na mbwa aliyevalishwa sweta. Magari yamesimama pande zote. Mbwa anatazama mbele.

"Hapa ndipo tunataka kufika," Injinia alisema.

"Pamoja na sweta?" Mzee Swaleh aliuliza kwa sauti ndogo, lakini watu wa meza mbili walisikia.

Baada ya hapo tuligawanywa vikundi kuamua kaulimbiu. Kikundi kimoja kilitaka Barabara Yetu, Uhai Wetu. Kingine kilitaka Uhai Wetu, Barabara Yetu. Mjadala ulikuwa mkali. Dada mmoja wa makao ya vijana alisema uhai uje kwanza kwa sababu Mungu aliuumba kabla ya lami. Tulikula chakula cha mchana bila uamuzi.

Nilipopata nafasi niliinua mkono. Nilieleza habari za shule yetu, mteremko, Wambui na mguu wake. Nilisema nimetumwa kuomba matuta mawili na zebra moja.

"Asante sana, mama," Injinia alisema. "Hilo limeangaziwa. Barabara za vijijini ziko kwenye awamu ya tatu."

"Sasa tuko awamu gani?"

Alitazama karatasi zake. "Tunajiandaa kwa awamu ya kwanza."

Nikamuuliza kama siwezi kupewa matuta tu, nje ya awamu, niyabebe kwenye pikapu ya kabeji. Watu walicheka. Injinia hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba jambo ni gumu, kwa kuwa lami ni ya ofisi moja na ukingo wa barabara ni wa ofisi nyingine, na alama ziko chini ya ofisi ya tatu.

"Na mguu wa mtoto uko chini ya ofisi gani?" niliuliza.

"Ya mamake," Mzee Swaleh akanijibu kabla Injinia hajajibu.

Mchana tulipelekwa mtaa wa Rhonda kujionea utekelezaji kwa macho. Ratiba ilisema tutatembea. Tulitembea kutoka kwenye magari hadi mahali alipokuwa amesimama mpiga picha. Hapo palikuwa na zebra mpya kabisa, iliyopakwa asubuhi hiyo, nyeupe mpaka ikauma macho. Upande mmoja ilianzia kwenye mtaro wa maji machafu, upande wa pili ikaishia kwenye ukuta wa mabati wa mtu. Tuliombwa tuvuke kwa furaha. Tukavuka, tukagusa mabati, tukarudi. Soli za viatu vyangu zina rangi nyeupe hadi leo.

Nilipogeuka ndipo nilipomwona mdogo wangu Nafula amesimama kando, amefunga kanga kiunoni, mikono kifuani. Nafula anaishi Rhonda na ana kibanda cha chapati hapo kando ya barabara. Tulizaliwa wote Nakuru, baba yetu akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka upande wa Bungoma. Mimi nikaolewa Subukia, yeye akabaki mjini. Usiku huo nilikuwa nilale kwake.

"Dada," aliniambia, "kumbe uko na hawa?"

"Nimealikwa. Kibanda chako kiko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Kibanda kilikuwa kimelazwa ubavu nyuma ya choo cha jirani, na jiko la makaa juu yake. Asubuhi watu wawili walikuja wakamwambia yeye ni kizuizi cha watembea kwa miguu, aondoke mpaka wageni wapite. Unga ulikuwa umeshakandwa. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na beji shingoni na chupa ya maji ya hoteli mkononi.

Injinia alikuja nyuma yangu akauliza kama huyu ni mmoja wa wakaazi, na kama angependa kutoa maoni.

"Maoni yangu iko pale nyuma ya choo," Nafula alisema.

Jioni magari yalipoondoka nilimsaidia kukirudisha kibanda. Hata kabla hatujakiegemeza vizuri wateja walikuwa wamesimama kwenye zebra, wakiiona ni mahali pasafi pa kungojea chapati. Pikipiki zilizunguka nyuma yao. Wakati wa chakula Nafula alikuwa bado amenuna. Aliniwekea sukuma na ugali, akaketi.

"Wewe huwa unaamini watu wakubwa," alisema. "Hata baba alikuwa hivyo. Walikuambia nini?"

"Awamu ya tatu."

"Na wale wazazi kule kwenu?"

"Wananingoja."

Akanitazama, hasira ikamtoka kidogo. "Basi kesho usiulize tena kwa mkutano. Kwa mkutano mtu hujibu mkutano. Mtafute akiwa anakula."

Asubuhi ya pili tulipakiwa kwenye basi dogo kwenda Kikopey. Ilielezwa kwamba ni ziara ya mafunzo kwenye barabara kuu, pale ambapo watu wengi huvuka. Haikuelezwa kwamba pia ndipo kuna nyama choma inayojulikana na kila msafiri wa Bonde la Ufa, lakini hakuna mtu aliyekuja na chakula chake. Moshi tuliuona kabla ya vibao. Kila butchery imetundika mbuzi dirishani, na vijana wanakimbilia magari wakipunga visu na kuwaita wateja boss.

Butchery tuliyokuwa tumewekewa meza ilikuwa upande wa kulia. Dereva alitaka kukata aingie. Injinia akamwambia hapana, atuteremshe upande wa kushoto, tupigwe picha, halafu tuvuke kwa miguu ili tujionee hali halisi. Tuliteremka. Tulipigwa picha. Kisha tukajipanga ukingoni ili tuione hiyo hali halisi.

Ilikuwa haina mwisho. Trela baada ya trela, na baina ya trela na trela gari dogo lenye haraka ya kuipita. Upande ule ukiwa wazi, huu unajaa. Tuliona meza yetu, tuliona mwenye butchery akitupungia mkono, tuliona hata nyama ikikatwakatwa juu ya ubao. Wataalamu walipeana mawazo. Mmoja alisema tuvuke kwa vikundi. Mwingine alisema kuna kanuni kwenye mkakati, ukurasa wa mbele mbele. Ukurasa haukupatikana.

Mwishowe Injinia alivuta kizibao chake vizuri, akainua mkono na kushuka kwenye lami. Dereva wa trela alipiga honi kutoka mbali, na hakupunguza mwendo. Injinia alirudi nyuma kwa kuruka, akamkumba Mzee Swaleh, na wote wawili wakaanguka kwenye majani. Upepo wa trela ulituvuta nguo. Hatukucheka. Mzee alikuwa amechubuka kiganja na fimbo yake ilikuwa imeviringika barabarani; gari lililofuata liliivunja kama kijiti cha meno. Injinia alikaa chini akiwa ameshika magoti. Uso ulikuwa umebadilika rangi kama majivu.

"Kila mtu arudi kwa basi," alisema.

Tukarudi. Basi liliwashwa, likaenda mpaka njia panda ya Gilgil, likageuza huko, likarudi polepole nyuma ya lori la nyasi, na kutuweka mlangoni pa butchery. Hivyo ndivyo kamati ya usalama barabarani ilivyovuka barabara Kikopey.

Mezani watu walipata sauti tena nyama ilipofika. Mimi nilikumbuka maneno ya Nafula. Nilimsafisha Mzee Swaleh kiganja kwa maji ya moto, kisha nikahamia kiti kilichokuwa karibu na Injinia. Alikuwa hajagusa chakula.

"Nimeogopa leo," aliniambia kabla sijamwuliza. "Unajua, mama, mimi barabara huivuka nikiwa ndani ya gari. Hata nyumbani. Sijui mara ya mwisho nilivuka lini."

"Wambui ana miaka tisa," nilimwambia. "Huwa anavuka kila siku."

Alisukuma sahani kando. Kisha akaniambia ukweli, kwa sauti ndogo, akitazama kachumbari. Awamu ni maneno ya semina. Kinachofanywa ni kile ambacho mheshimiwa amekiona kwa macho yake. Mwaka mzima yeye huandika mapendekezo, na mheshimiwa huyasoma akiwa kwenye gari lenye vioo vyeusi, likikimbia.

"Basi mlete Subukia."

"Kufanya nini? Hawezi kuja kwa sababu ya matuta."

Mzee Swaleh alikuwa ametega sikio. "Mwambieni kuna kitu cha kuzindua," alisema. "Mtu yule akionyeshwa utepe, atakuja hata kama ni wa banda la kuku. Na mumchomee mbuzi."

Injinia alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akavuta sahani yake karibu na kuanza kula.

Nilirudi Subukia siku iliyofuata. Njoroge alinichukua stendi, pikapu tupu. Hakuniuliza kitu mpaka tulipoanza kuteremka kwenda bondeni.

"Umetuletea nini?"

Nikamwonyesha tisheti. Mbele iliandikwa Barabara Yetu, na nyuma Uhai Wetu, maana mwishowe walikubaliana hivyo. Njoroge aliisoma pande zote mbili huku anaendesha, na nikamwomba aangalie mbele. Kisha nilimwambia habari za Kikopey na mpango wa mbuzi. Alikasirika sana. Alisema mtoto wake si mzaha, na kwamba hawezi kumlisha mtu nyama ndipo mguu wa Wambui uonekane. Nilimwambia hata mimi ningependa dunia isiyo hivyo. Tulifika kwangu bila kupatana. Lakini jioni alinipigia simu. "Mbuzi nitatoa mimi," alisema. "Lakini watapaki upande wa kule."

Upande wa kule ni uwanja ambapo maziwa hukusanywa, mkabala na shule, ng'ambo ya barabara. Wazazi walikubali kungoja. Tuliunda kamati ndogo ya usalama barabarani ya Subukia, ili pawe na kitu cha kuzindua, tukashona utepe kutoka kwenye pazia jekundu la kanisa. Mwalimu mkuu alikataa moshi karibu na madarasa, kwa hiyo mbuzi alichomewa kule chini kwenye kona ya uwanja wa shule, karibu na tangi la maji, mbali na geti.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Mheshimiwa alifika na magari matatu, na Njoroge, amevaa koti la arusi yake, akawaelekeza wapaki kwa maziwa. Mheshimiwa aliteremka, akapunga mkono kwa watoto waliokuwa wamejipanga kwenye ua ng'ambo. Harufu ya mbuzi ilikuwa imeshavuka barabara. Akaja ukingoni, mkabala na moshi.

Nilikuwa nimesimama upande wa shule, na niliona yote. Alisubiri lori moja. Alisubiri la pili. Wasaidizi wake walinyoosha mikono kwa madereva, na madereva waliwapungia wakidhani wanasalimiwa. Pakapatikana nafasi, mheshimiwa akaingia. Alifika katikati. Hapo lori la viazi lilikuwa linateremka mbele yake, na nyuma yake pikipiki mbili zikapita, ya pili ikamgusa koti. Kofia ilimtoka. Alisimama juu ya mstari, ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho yamefungwa. Alikuwa mtu mnene aliyeogopa, na nilijikuta simchukii.

Njoroge alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kuingia mara moja. Hakuingia. Alimwacha asimame pale kwa muda, lori lingine likapita, na mimi nilitaka kumwita lakini nikaona uso wake, nikaacha. Kisha akaingia barabarani, akainua mkono wake mkubwa, lori la kuni likafunga breki likipiga kelele. Akamshika mheshimiwa kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa, akamvusha.

Mheshimiwa alifika upande wetu. Alipewa kiti, akapewa maji. Wambui alikuwa hapo karibu, akiwa na magongo yake, akimtazama bila kupepesa macho.

"Huyu ni nani?" mheshimiwa aliuliza.

"Ni wangu," Njoroge alisema. "Yeye hakuwa na mtu wa kumshika."

Mheshimiwa alitazama plasta yenye majina. Kisha alimgeukia Injinia. "Hii barabara ni ya nani?"

Injinia alikuwa na jibu refu, lile la ofisi tatu. Nililiona likimjia mdomoni. Akalimeza. "Leo ni yako, mheshimiwa," alisema.

Hotuba ilikuwa fupi. Utepe ulikatwa. Mbuzi aliliwa, ingawa mheshimiwa alikula kidogo. Wakati wa kuondoka alikataa kuvuka. Magari yalikwenda kugeuzia sokoni na kuja kumchukua upande wetu.

Haikuchukua muda, mafundi walikuja na lami moto na rangi. Waliweka matuta mawili mazuri, yenye alama kabla yake, na katikati zebra nene nyeupe. Tulifurahi mpaka tulipoenda kuangalia. Kazi yote ilikuwa imefanywa pale hasa alipovukia mheshimiwa: kutoka uwanja wa maziwa hadi kwenye ua wa shule nyuma ya tangi la maji, pale mbuzi alipochomewa. Geti la shule lilikuwa mbali juu, palepale kwenye kona alipogongwa Wambui. Nilimwuliza msimamizi wao kama hawawezi kusogea kidogo. Alinionyesha mchoro. Alisema wao wanatekeleza.

Nilimpigia Injinia. Alisema anaweza kupendekeza marekebisho, na sauti yake ilijua kama mimi yaendako mapendekezo.

Basi Jumamosi wazazi tulikutana tena, pamoja na majembe, nyundo na saruji. Hatukuweka mawe barabarani. Tulibomoa ua nyuma ya tangi, tukang'oa geti pale lilipokuwa tangu shule ijengwe, tukalibeba kwa mabega mpaka chini, tukalisimamisha mbele ya zebra. Mwalimu mkuu aliuliza kama tuna kibali. Njoroge akamwambia geti liko awamu ya tatu.

Nilichojifunza katika safari hiyo ni kidogo, na sijakipenda. Niliondoka nikidhani kwamba mkakati hutoka mjini ukaja mpaka kwa watu. Sasa najua hufika pale ambapo mkubwa ameogopa, hausogei tena hata hatua moja, na watu huhama na mageti yao kuufuata. Nafula nilipomsimulia alicheka mpaka akaunguza chapati.

Jumatatu saruji ya nguzo ilikuwa bado mbichi. Wambui alirudi shule siku hiyo, plasta imetolewa, mguu mwembamba kuliko mwenzake. Nilikuwa nimesimama getini. Alifika kwenye zebra upande wa pili, akasimama. Lori la maziwa lilipunguza mwendo kwenye tuta, likasimama kabisa, na dereva akampungia mkono apite. Wambui alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama dereva. Hakusogea. Dereva alingoja, akapunga tena. Mtoto alitikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono kwamba apite yeye kwanza.

Lori likaondoka. Barabara ikawa tupu pande zote mbili, mpaka juu mlimani. Hapo ndipo alipoweka mguu kwenye rangi, na mimi sikumharakisha.